Video ni ya Nani? Maisha ya Mtayarishaji Michael Nesmith (1942–2021) na Funzo kwa Darasa la Kiswahili

Utangulizi

Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini akiwa na karatasi mbili mkononi. Alikuwa amepiga picha za video ya wimbo wa rafiki yake, akatafuta wachezaji, akalipia gari na chakula kutoka mfukoni mwake, kisha akaketi siku kumi akihariri. Sasa mwimbaji alikuwa amepata mtu wa kuinunua video ile. Ombi la mwanafunzi lilikuwa fupi: walimu wamsaidie kuandika mkataba kwa Kiswahili, kwa kuwa mwimbaji ni Mtanzania na wawili hao huelewana kwa lugha hiyo.

Tuliketi naye walimu watatu tukidhani ni kazi ya nusu saa. Ikatuchukua alasiri nzima. Mambo ya tarehe, majina na malipo hayakutusumbua. Lakini kila tulipofika kwenye kifungu cha kusema video ni mali ya nani, kalamu ilisita. Je, ni ya mwimbaji mwenye wimbo? Ni ya aliyepiga picha? Ni ya aliyetoa fedha? Au ni tangazo tu la wimbo, lisilo na mwenyewe?

Makala haya yametokana na alasiri ile. Tumeona ni vyema kueleza maisha ya mtu ambaye swali hilo lilimfuata kwa zaidi ya miaka thelathini, Mmarekani Michael Nesmith, mwanamuziki aliyegeuka kuwa mtayarishaji wa video za muziki wakati ambapo kazi hiyo haikuwa na jina. Hatudai kwamba alikuwa wa kwanza kuoanisha wimbo na picha. Tunamchagua kwa sababu historia yake inaonyesha, hatua kwa hatua, jinsi kitu kilichodharauliwa kama tangazo kilivyokuja kuhesabiwa kuwa kazi ya sanaa yenye mwenyewe. Aidha, katika njia yake kuna kituo kimoja kinachokigusa Kiswahili moja kwa moja, nacho tutakieleza kwa kirefu.

Kuhusu neno "mtayarishaji"

Kabla ya kuanza safari yetu, tufafanue istilahi. Mitaani leo vijana husema "prodyuza" wakiwa na maana ya fundi wa studio anayetengeneza mdundo na kurekodi sauti, na husema "dairekta" wakiwa na maana ya mtu wa kamera. Katika Kiswahili sanifu tuna "mtayarishaji" na "mwongozaji". Mwongozaji ndiye anayeamua picha ichukuliweje, mwimbaji asimame wapi na mchezaji atokee upande gani. Mtayarishaji ndiye anayeianzisha kazi: hutafuta fedha, huajiri mwongozaji, hukodi mahali, hulipa watu, na mwisho hutafuta njia ya kazi kuwafikia watazamaji. Jina la mwongozaji hukumbukwa mara nyingi zaidi. La mtayarishaji husahaulika, ingawa bila yeye kamera isingewashwa.

Mara nyingi, kama ilivyokuwa kwa mwanafunzi wetu, mtu mmoja hubeba kazi zote hizo. Hapo ndipo utata wa umiliki unapozidi. Katika makala haya tutamwita Nesmith mtayarishaji, kwa maana tuliyoieleza.

Mama, taipureta na kichupa cheupe

Robert Michael Nesmith alizaliwa Houston, Texas, tarehe 30 Desemba 1942. Wazazi wake walitengana baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akalelewa na mama yake, Bette, aliyefanya kazi ya ukatibu muhtasi katika benki mjini Dallas. Hadithi ya mama huyu yastahili kusimuliwa, kwani walimu wenye umri wetu wamekitumia alichokivumbua bila kulijua jina lake.

Katika miaka ya 1950 ofisi za Marekani zilianza kutumia taipureta za umeme. Utepe wake ulikuwa mzuri kwa kuandika lakini mbaya kwa kufuta: kosa moja lilichafua ukurasa mzima. Bette aliwatazama wachoraji waliokuwa wakipamba madirisha ya benki wakati wa sikukuu, akaona kwamba wakikosea hawafuti, bali hupaka rangi juu ya kosa. Akaweka rangi nyeupe kwenye kichupa, akaenda nayo kazini pamoja na brashi ndogo. Makatibu wenzake wakaiomba. Mwaka 1956 alianza kuiuza kwa jina la Mistake Out, na baadaye ikaitwa Liquid Paper. Kijana Michael na rafiki zake walijaza vichupa hivyo nyumbani kwao kwa ujira mdogo. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 viliuzwa vichupa takriban milioni 25 kwa mwaka. Sisi tuliopiga mitihani kwenye stensili na taipureta twajua thamani ya rangi ile nyeupe.

Lakini safari ya mama haikuwa nyepesi. Baada ya ndoa yake ya pili kuvunjika mwaka 1975, aliyekuwa mumewe alijaribu kumtenga na kampuni na kubadili mchanganyiko wa rangi ili mrabaha wake ukatike. Bette alipambana akairejesha kampuni mikononi mwake, na mwaka 1979 akaiuza kwa kampuni ya Gillette kwa dola milioni 47.5. Alifariki Mei 1980 akiwa na miaka 56. Nusu ya mali yake ilimwendea mwanawe wa pekee.

Tumeieleza habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, fedha hizo zilimpa Michael uhuru wa kujaribu mambo ambayo kampuni za kurekodi zisingeyagharamia. Pili, alikuwa ameona nyumbani kwao kwamba kitu kidogo cha kusaidia kazi nyingine chaweza kuwa bidhaa yenyewe, na kwamba mwenye kukibuni asipolinda haki yake kwa maandishi, hata wa ndani ya nyumba anaweza kumnyang'anya.

Kijana wa televisheni, 1965–1970

Baada ya kutumikia Jeshi la Anga la Marekani mapema miaka ya 1960, Nesmith alihamia Los Angeles akiwa na gita lake. Mwaka 1965 watayarishaji wawili, Bob Rafelson na Bert Schneider, walitangaza kutafuta vijana wanne wa kuigiza kama bendi katika mchezo wa televisheni. Walijitokeza vijana zaidi ya 400. Nesmith akawa mmoja wa wanne waliochaguliwa, na mchezo wenyewe, The Monkees, ulianza kuonyeshwa na kituo cha NBC Septemba 1966. Ulidumu misimu miwili, jumla ya vipindi 58, na mwaka 1967 ukapata tuzo ya Emmy kwa vichekesho.

Ndani ya kila kipindi kulikuwa na dakika chache ambapo wimbo ulipigwa na vijana wale wakaonekana wakikimbia, wakianguka, wakicheza ufukweni. Picha hazikufuata maneno ya wimbo. Zilifuata mapigo yake. Kwa hakika hapa ndipo Nesmith alipojifunza kwa mara ya kwanza jinsi wimbo unavyoweza kuibeba picha.

Hata hivyo, alijifunza na jambo chungu. Katika santuri za mwanzo, sehemu kubwa ya ala zilipigwa na wanamuziki wa kukodiwa, na vijana wanne wakaimba tu. Mapema mwaka 1967 santuri yao ya pili ilitolewa madukani bila wao kushirikishwa. Walioonekana kwenye televisheni kila juma hawakuwa na sauti juu ya kazi iliyobeba nyuso zao. Nesmith ndiye aliyelipinga jambo hilo kwa ukali zaidi, hata akalisema hadharani kwa waandishi wa habari. Msimamizi wao wa muziki, Don Kirshner, aliondolewa mwaka huohuo, na santuri ya tatu, Headquarters, wakaipiga wenyewe. Mwaka 1970 Nesmith aliiacha bendi akaanzisha yake, na mwaka 1974 akaunda kampuni iitwayo Pacific Arts.

Video ya "Rio," 1977

Katika miaka ya 1970 kampuni za kurekodi zilikuwa na desturi ya kutengeneza filamu fupi za nyimbo na kuzituma kwenye vituo vya televisheni vya nchi ambazo mwimbaji hakuweza kufika. Filamu hizi hazikuuzwa. Zilitolewa bure, kama mabango ya ukutani, na kazi yake ilipokwisha zilitupwa kabatini. Kwa kawaida zilimwonyesha mwimbaji amesimama na kipaza sauti akiimba.

Mwaka 1977 Nesmith alitoa wimbo uitwao "Rio," nayo kampuni iliyousambaza Ulaya ikamwomba filamu ya namna hiyo. Yeye, pamoja na mwongozaji William Dear, akatengeneza kitu tofauti. Wimbo ni wa mtu anayewaza kusafiri, na pengine safari yenyewe haitakuwapo. Basi picha nazo zikawa za mawazo: watu wanaelea angani penye nyota, mwimbaji amevaa kirasmi anacheza dansi, mandhari zinabadilika bila sababu ya kihadithi. Nesmith alieleza baadaye kwamba walipoziunganisha picha hizo aligundua kuwa hazihitaji kisa. Katika filamu ya kawaida, kisa ndicho uzi unaoshona picha. Hapa uzi ulikuwa wimbo wenyewe.

Mwalimu wa fasihi atalielewa jambo hili mara moja. Mshairi hahitaji kusimulia kisa ili ubeti wake ushikamane. Vina na mizani hufanya kazi hiyo. Nesmith aliona kwamba mdundo waweza kuzifunga picha kama mizani inavyoyafunga maneno.

Wimbo ule haukutikisa Marekani, lakini ulipendwa Australia na kuingia katika orodha za Uingereza, huku video ikiwa na sehemu kubwa katika kuutambulisha. Ndipo akafikia wazo lililobadilisha kazi yake. Redio, alisema, ndiyo mahali pa kuchezea santuri, na kwa sababu ya redio watu hununua santuri. Kama zipo filamu za nyimbo, basi televisheni yaweza kuzicheza kama redio inavyocheza santuri, na watu wakazinunua.

Kutoka PopClips hadi MTV

Kutokana na wazo hilo alitayarisha vipindi vya nusu saa vilivyoitwa PopClips, ambavyo havikuwa na kitu kingine isipokuwa video za muziki na mtangazaji wa kuziunganisha. Vilionyeshwa mwaka 1980 na 1981 katika chaneli ya watoto ya Nickelodeon, iliyokuwa chini ya kampuni ya Warner. Wakuu wa kampuni hiyo walivutiwa, nao wakaamua kuanzisha chaneli nzima ya video za muziki usiku na mchana. Chaneli hiyo, MTV, ilianza tarehe 1 Agosti 1981, na video ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa ya kundi la Buggles kutoka Uingereza.

Nesmith hakujiunga nayo. Tofauti ilikuwa ya mtazamo. Kwa MTV, video zilikuwa chakula cha bure kutoka kwa kampuni za kurekodi. Chaneli ilipata faida kwa matangazo ya biashara, na kampuni zikapata faida kwa kuuza santuri. Aliyetengeneza video alilipwa ujira wake mara moja, akaenda zake. Nesmith yeye aliiona video kuwa kitu cha kuwekwa rafuni nyumbani kando ya vitabu na santuri, kikiwa na bei yake, jina la mtunzi wake na mrabaha wake.

Elephant Parts

Ili kuthibitisha maneno yake, mwaka 1981 alitoa Elephant Parts, mkanda wa video wa saa moja uliokusanya nyimbo zake kadhaa, ikiwemo "Rio," pamoja na vichekesho vifupi. Mwongozaji alikuwa tena William Dear. Kazi hii haikutengenezwa kwa ajili ya sinema wala kituo cha televisheni. Ilitengenezwa ili mtu ainunue au aikodi, aende nayo nyumbani, aitazame apendapo. Wakati huo mashine za kuchezea kanda zilikuwa bado ni anasa ya wachache, hata Marekani. Mapema mwaka 1982, tuzo za Grammy zilipotoa kwa mara ya kwanza tuzo ya video ya mwaka, mshindi alikuwa Elephant Parts.

Sasa Nesmith akawa mtayarishaji kamili. Alisimamia utayarishaji wa filamu ya Repo Man (1984) na baadaye Tapeheads (1988), ambayo kwa mzaha inawahusu vijana wawili wanaoanzisha kampuni ya kutengeneza video za muziki bila mtaji. Tunaipendekeza kwa wanafunzi wetu wenye kamera: watacheka, kisha watajiona humo.

"All Night Long" na maneno yasiyo ya lugha yoyote

Tumefika kwenye kituo kinachotuhusu walimu wa Kiswahili. Mwaka 1983 Nesmith alitayarisha video ya wimbo wa Lionel Richie, "All Night Long." Mwongozaji alikuwa Bob Rafelson, yuleyule aliyemwajiri Nesmith mwaka 1965. Mkono uliotoa kazi ukawa sasa unapokea kazi. Video inaonyesha sherehe ya mtaani, watu wa mavazi ya rangi nyingi wakicheza dansi mpaka usiku. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani, na Agosti 1984 Richie aliuimba katika sherehe za kufunga Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles.

Katikati ya wimbo huo kuna kiitikio cha maneno ambayo si Kiingereza. Wengi walioutazama katika miaka ile, na wengi wanaoutazama sasa kwenye intaneti, huamini kuwa ni Kiswahili, hasa kwa kuwa husikika humo neno la salamu linalofanana na "jambo." Kila mwaka mwanafunzi mmoja au wawili hutuuliza maana yake. Jibu ni kwamba hayana maana. Richie mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitaka maneno ya Kiafrika, akaambiwa lugha za Afrika ni nyingi mno, naye akaamua kubuni sauti zake mwenyewe.

Tusimlaumu kupita kiasi. Sauti zisizo na maana zimo katika nyimbo za kila taifa, na sisi wenyewe tunazo katika nyimbo za watoto na za kazi. Wala mzigo huo si wa Nesmith, kwani maneno hayakuwa yake. Lakini tukio hili linatufunza jambo kuhusu nguvu ya picha. Maneno yaliyobuniwa yalichezwa pamoja na ngoma, rangi na nyuso za furaha, na watazamaji wakaridhika kuwa wamesikia lugha ya Afrika. Picha iliyatia maneno maana ambayo hayakuwa nayo, na lugha ikageuzwa pambo la sherehe. Lugha nayo, kama video, huonekana haina mwenyewe hadi pale wenye lugha watakapojitokeza kusema.

Darasani tumelitumia tukio hili hivi. Tunawachezea wanafunzi sehemu ile ya wimbo, kisha tunawataka wapange sauti walizosikia kwa silabi. Wanaona kwamba nyingi huishia kwa irabu, kama silabi za Kiswahili. Hii ndiyo sababu sikio hudanganyika. Halafu tunawauliza: ngeli iko wapi? Kiambishi cha nafsi kiko wapi? Njeo je? Hawaoni. Kwa dakika ishirini wanajifunza kwamba Kiswahili ni mfumo wa upatanisho, na kwamba sauti tupu hazitoshi. Mwishoni tunaliangalia neno "jambo" lenyewe, wingi wake "mambo," katika ngeli ya LI-YA, na tunawaonyesha jinsi salamu halisi inavyodai nafsi: hujambo, hamjambo, sijambo, hatujambo.

Kesi ya mwaka 1999

Turudi kwa Nesmith. Katika miaka ya 1980 mashine za kanda zilienea majumbani, na utabiri wake ukatimia, ingawa si kwa namna aliyoitarajia, maana watu walikodi filamu ndefu zaidi kuliko kununua video za nyimbo. Pacific Arts ikageuka kuwa msambazaji wa kanda za kila aina. Mwaka 1990 iliingia mkataba na PBS, shirika la televisheni ya umma la Marekani, wa kusambaza vipindi vyake vya elimu na historia. Miaka michache baadaye mkataba ulivunjika, kila upande ukiulaumu mwingine, na shauri likafika mahakamani.

Februari 1999, jopo la raia waliosikiliza kesi hiyo mjini Los Angeles lilimpa ushindi Nesmith na kampuni yake, na kuagiza walipwe takriban dola milioni 47. Msomaji atakumbuka kwamba fedha alizopata mama yake kwa kuuza kichupa cheupe zilikuwa karibu kiasi hichohicho. Baadaye pande mbili zilisuluhishana nje ya mahakama, na kiasi kilicholipwa hakikutangazwa. Alipoulizwa na waandishi wa habari anajisikiaje, Nesmith alijibu kwa mfano: ni kama kumkuta bibi yako ndiye aliyekuibia redio. Unafurahi kuirudishiwa redio yako, lakini unasikitika kugundua kwamba bibi ni mwizi.

Twaona katika mfano huo uchungu wa mtu aliyeshinda. Hakupigana na mgeni. Alipigana na mwenzi wa kazi, shirika la umma linaloheshimika. Ndivyo ilivyokuwa kwa bendi yake mwaka 1967, ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake mwaka 1975. Migogoro ya umiliki mara nyingi huzuka baina ya watu waliokuwa wakila pamoja.

Nesmith aliendelea kuandika na kuimba. Mwaka 2017 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake. Novemba 2021 alimaliza ziara ya mwisho akiwa na Micky Dolenz, mwenzake wa The Monkees. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 10 Desemba 2021, alifariki nyumbani kwake California akiwa na umri wa miaka 78.

Funzo kwetu

Je, yote haya yanatuhusu nini sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda? Tuna sababu za kuona kwamba yanatuhusu sana.

Kwanza, wanafunzi wetu wengi huingia darasa la kwanza wakiwa tayari wanajua maneno kadhaa ya Kiswahili. Hawakuyapata kitabuni. Waliyapata katika video za nyimbo kutoka Tanzania na Kenya. Zamani zilikuja kwa kanda na televisheni, leo huja kwa simu ya mkononi. Watengenezaji wa video hizo wanatufanyia nusu ya kazi yetu bila kujua. Walau tuyajue majina yao.

Pili, sheria zipo. Tanzania ina sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001, na Uganda ya mwaka 2006. Istilahi mbili hizo, hakimiliki na hakishiriki, ni za Kiswahili safi na zina manufaa makubwa, lakini ni mara ngapi tunazifundisha? Hakimiliki ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake. Hakishiriki ni haki za wale walioshiriki kuifikisha kazi hiyo kwa watu, kama vile waimbaji na watayarishaji wa rekodi. Mwanafunzi anayeweza kuchambua sitiari katika shairi lakini hawezi kuandika kifungu kimoja cha mkataba kwa Kiswahili, tumemfundisha nusu.

Tatu, kozi ya uandishi wa Kiswahili ina nafasi ya kuliziba pengo hilo. Tunapendekeza mazoezi mawili. Katika zoezi la kwanza, kila mwanafunzi achague video moja ya wimbo wa Kiswahili na aorodheshe kazi zilizofanyika: mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki, mwimbaji, mtayarishaji, mwongozaji, mpiga picha, mhariri, mpambaji, mchezaji. Atakapokosa jina, aandike "hakutajwa." Orodha hizo zitafundisha mengi. Katika zoezi la pili, wanafunzi wawili wawili waandike makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya mwimbaji na mtayarishaji, wakijibu maswali manne: nani anamiliki nakala asilia, nani anaruhusiwa kuiuza, mapato yagawanywe vipi, na majina yatajwe wapi.

Hitimisho

Alasiri ile ofisini hatimaye tulikiandika kifungu kilichotushinda. Kilisomeka hivi: nakala asilia ya video ni mali ya aliyeitayarisha, wimbo ni mali ya aliyeutunga, hakuna kati yao atakayeuza video bila idhini ya mwenzake kwa maandishi, na kila itakapoonyeshwa, majina ya wote wawili yatatajwa. Si maneno ya wakili, na tulimshauri kijana akayaonyeshe kwa anayejua sheria kabla ya kutia sahihi. Lakini yalikuwa maneno ambayo yeye na rafiki yake waliyaelewa wote wawili.

Aliporudi baada ya majuma mawili alituambia kwamba rafiki yake alinuna kwanza, akauliza kwa nini undugu uingizwe kwenye karatasi. Walijadiliana siku nzima. Mwishowe walitia sahihi, na video ikauzwa kwa jina la wote wawili. Tulimkumbusha methali iliyo katika kitabu chake cha mwaka wa kwanza, ambayo nadhani hakuwa ameitilia maanani wakati wa mtihani: mali bila daftari huisha bila habari.